Wakuu godoro zuri unalijuaje kabla hujalipa? Nishapigwa mara mbili

Kitandawili

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, hapa nilipo mgongo umekaza kama nimelala juu ya tuta la viazi.

Nina godoro la 5 kwa 6 inchi 8, nimelinunua mwaka jana mwezi wa tatu. Pale dukani lilikuwa limenona, ukikalia linakubeba, muuzaji akanipiga maneno boss hii hai densiti utazeekea humu, nikalipa bila kuomba hata punguzo la maana. Mwaka haujaisha likaanza kufanya bonde katikati. Sasa hivi mimi na wife usiku lazima tukutane katikati, tuwe tumegombana au hatujagombana, mwanzoni tulikuwa tunacheka sasa hivi hatucheki tena. Jana nimetoa shuka nikalaza mpini wa fagio kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, pale katikati ngumi yangu inapita chini ya mpini bila kugusa. Ngumi nzima wakuu.

Nimerudi dukani na risiti, nikaambiwa waranti haihusu matumizi. Nikamuuliza godoro lina matumizi gani mengine zaidi ya kulalia, akacheka, na mimi nikacheka, nikarudi nyumbani.

Na hili ni la pili, la kwanza la enzi za ubachela lilikuwa la bei chee sikulia nalo. Hili nimelipa hela ya maana ndo maana linaniuma.

Sasa nataka kununua lingine ila safari hii sinunui kwa maneno. Mtu unaingia dukani, magodoro yote yamevishwa nailoni, yote yana maua, yote ukibonyeza yanarudi, unajuaje hili litakaa miaka mitano na hili litakufa Krismasi? Bajeti laki tatu mpaka tatu na nusu, nipo Mbagala. Mimi nina kilo 84, za wife sitaji nisije nikalala sebuleni.

---

jongoo_mwendokasi

Lala chini kwenye mkeka mkuu, babu zetu hawakuwa na waranti na migongo ilikuwa imenyooka

---

MamaTwins_Tabata

Pole jamani hiyo ya kukutana katikati imenichekesha 😂 Mimi ushauri wangu nunua kampuni yenye jina na angalia nembo ya TBS, wale wa viwango, usinunue yale yanayopangwa barabarani. Na ukifika dukani bonyeza kwa dole gumba, likikataa kuzama ujue ni gumu na gumu ndo linadumu. La kwangu nililibonyeza hivo hivo, lina miaka sita sasa na mapacha wanaruka juu kila siku ya Mungu.

---

mzee_wa_sponji

Mama Twins bahati yako ilikuwa nzuri ila hiyo ya dole gumba ndo imemponza mwenzako. Nimefanya kazi kiwanda cha sponji miaka saba, kampuni sitaji, wacha nieleze kidogo maana watu wengi wananunua godoro kama wanavyonunua parachichi, kwa kuminya.

Sponji inapikwa kwa kemikali mbili kubwa na maji. Zikikutana zinachemka na kuumuka kama maandazi yaliyotiwa hamira nyingi, dakika chache tu una bonge la sponji refu kuliko mtu. Ndani linakuwa la moto sana, linawekwa kando mpaka kesho yake ndo linakatwa kwa msumeno slesi slesi kama mkate. Sasa yale maji ndo yanatengeneza gesi, ukiongeza maji gesi inakuwa nyingi, bonge linaumuka zaidi kwa kemikali ile ile kidogo. Yaani unauziwa hewa. Hapo ndo densiti inapatikana: kilo ngapi za sponji ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Kuna ya 16, kuna ya 20, kuna ya 24, kuna ya 30.

Halafu sikia hii. Ugumu na densiti ni vitu viwili tofauti. Mpishi akibadilisha vipimo anaweza akakupa sponji ya 17 ngumu kama kiti cha daladala, na akakupa ya 30 laini ukadhani mto. Kwa hiyo dole gumba lako linapima ugumu wa leo. Sponji nyepesi kuta za vile vitundu vyake ni nyembamba, zinavunjika taratibu kila usiku pale kiuno kinapokaa, na dukani huwezi kuliona hilo maana halijalaliwa bado.

Dawa yake ni kulipima kilo. Ndiyo, godoro linapimwa kwenye mzani kama nyama. Chukua futi za urefu zidisha futi za upana, zidisha inchi za unene ukigawanya kwa 12, jibu lake gawanya kwa 35, hapo unapata mita za ujazo. La kwako 5 mara 6 mara inchi 8 linatoa futi 20 za ujazo, gawanya kwa 35 ni kama 0.57. Likiwa na kilo 10 toa kilo moja ya kava, zinabaki 9, gawanya kwa 0.57 unapata 16 hivi. Hiyo ni ya mgeni anayelala siku mbili anaondoka. Wewe na uzito wako usishuke chini ya 24, ukipata 28 shukuru Mungu.

Na hakikisha inchi 8 ni 8 kweli, beba tepu.

---

kiboko_ya_madalali

Mzee wa sponji umeongea vizuri ila uzito nao unadanganya. Nina ndugu yangu ana gesti Morogoro, alinunua magodoro 12 kwa mpigo na alichagua kwa uzito hivo hivo, ukilibeba unahema. Miezi minane yote yamelala chali. Siku tunayatoa tukakuta juu ya chaga kuna unga mweupe, umetanda kama mtu amepekecha chaki, ukifagia unarudi. Fundi mmoja akatuambia hiyo ni chokaa, wanachanganya kwenye sponji ili ipate kilo. Sasa hapo mzani utakusaidia nini?

---

mzee_wa_sponji

@kiboko_ya_madalali hilo ni kweli kabisa na sikulisema kwa sababu nilikuwa naandika kwenye mwendokasi nimesimama. Ule ni unga wa mawe ya chokaa, uzito wa mawe haubebi mgongo, unaharibu tu zile kuta.

Ila unajulikana. Tafuta godoro lenye zipu, mwambie muuzaji afungue uone sponji yenyewe, asiyetaka kufungua zipu na wewe usifungue pochi. Minya kipembe kidogo kwa vidole viwili ukisugue kama unasugua vitunguu. Sponji safi inanyumbuka haitoi kitu, yenye chokaa inakwaruza na inaacha vumbi kwenye vidole, na pembeni inamong'onyoka kama keki ya jana. Jaribio la pili, gandamiza kwa goti mpaka chini kabisa, kaa hapo kama nusu dakika, toka uangalie. Nzuri inaruka, ya chokaa inanyanyuka kivivu na alama ya goti inabaki. Usichanganye na zile za memori, sponji inayoshika umbo la mwili, zile kuchelewa kurudi ndo kazi yake.

Na ukikuta ndani ni vipande vya rangi rangi vimegandishwa na gundi, hiyo ni mabaki yanayosagwa na kubanwa. Ni nzito sana na ni ngumu sana. Sio mbaya ikikaa tabaka la chini, juu kuna sponji safi ya kutosha. Ila wanaivisha kava na kuiita ya ortopediki, eti ya kutibu mgongo. Hilo neno lina kazi ya kuuzia tu mkuu, usilipie laki moja ya neno.

---

Kitandawili

Wakuu nimetoka kwenye usingizi wa miaka mingi hapa. Sasa swali, rangi je? Langu lilikuwa jeupe sasa lina unjano kama chai ya maziwa, hiyo ndo dalili ya chokaa?

---

mzee_wa_sponji

Hapana, unjano ni mwanga na hewa tu, hata sponji ya bei kali inageuka njano. Harufu nayo usiiogope, likiwa jipya fungua nailoni liache lipumue siku mbili tatu dirisha wazi.

---

fundi_chaga

Naona watu wote mnalipiga mawe godoro, hakuna hata mmoja aliyeuliza limelala juu ya nini. Mimi ni seremala hapa Keko, mteja akiniletea kesi ya godoro kitu cha kwanza namwambia lishushe chini sakafuni ulalie. Bonde likipotea, mwizi ni kitanda. Likibaki, mwizi ni godoro. Na mara nyingi wanakuwa wawili wanashirikiana.

Vitanda vya siku hizi kichwani kuna nakshi na kioo na taa, chini kuna chaga sita. Futi sita nzima chaga sita! Kati ya chaga na chaga shubiri nzima, sponji inaingia pale usiku inajikata yenyewe. Nafasi isizidi inchi 3, mbao zako zikiwa za inchi 3 basi zinaingia kama 12. Na kitanda cha upana wa futi 5 au zaidi lazima kiwe na boriti katikati yenye mguu unaogusa chini, wengine wanaweka boriti inaning'inia bila mguu, hiyo ni mapambo.

Ila usiende kupigilia plaiwudi nzima nzima ukadhani umemaliza. Dar hapa na jasho letu godoro halipumui, ukilinyanyua baada ya miezi unakuta madoa meusi ya ukungu. Ukiweka ubao toboa matundu.

---

nyali_kwa_bibi

Nasoma nikiwa Mombasa nacheka peke yangu, mambo ni yale yale. Huku kwetu lebo zasema midiam, hai densiti, hevi dyuti, lakini hevi dyuti ya kiwanda hiki si lazima iwe sawa na hevi dyuti ya kile, kwa hivyo uliza namba ya densiti si jina. Akikosa kuijua muuzaji rudi kwa hesabu ya mzee hapo juu, mie nishaihifadhi.

Na hizi za memori wale wa pwani mfikirie vizuri, zashika joto. Dada yangu aliletewa na mumewe kutoka Dubai, kule walala na eisii, hapa kwetu feni yenyewe yazunguka kwa hisani ya stima. Aamka kama amemwagiwa maji.

Bibi yangu yeye mpaka leo yuko kwenye godoro la sufi. Likishapigana mabonge aita fundi, lafunguliwa, sufi yaanikwa juani, yachambuliwa, yarudishwa ndani na kushonwa upya. Ukimuuliza waranti akuonyesha sindano.

---

duka_la_kona

Mimi nauza magodoro na nimevumilia sana kusoma huu uzi. Sio wauzaji wote wezi jamani. Mteja anakuja anasema nataka 5 kwa 6 inchi 10 nene iwe inaonekana kitandani, bajeti laki mbili. Nikimwambia dada kwa hela hiyo chukua inchi 6 yenye densiti nzuri ananiangalia kama nimemtukana, anaenda duka la pili anapewa puto la inchi 10 anaondoka anafurahi. Mwaka kesho anakuja kulia kwangu.

Kitu ambacho hamjasema, kava nalo linaiba inchi. Zile zenye mashono ya nakshi juu zimewekewa pamba laini ndani, juu nusu inchi chini nusu inchi, ukilalia wiki mbili imelala imekwisha. Kwa hiyo ukipima pima sponji, usipime kava.

Na kuhusu waranti someni karatasi kabla hamjaondoka. Nyingi zinataka bonde lifike kipimo fulani, na godoro likiwa na doa la mkojo wa mtoto au chai hawalipokei hata kama bonde lingekuwa kisima. Wekeni kava la pili la kufua. Na mligeuze kichwa miguuni kila baada ya miezi miwili mitatu, hilo ni bure lakini hamfanyi.

Ila mkija na mzani dukani kwangu karibuni, mimi siogopi.

---

Kitandawili

Wakuu mrejesho. Samahani ni mrefu.

Kwanza nilifanya ya fundi, nikalishusha godoro sakafuni. Bonde lilipungua ila halikuisha, ngumi haipiti ila vidole vinne vinapita. Nikarudi kuangalia kitanda, chaga sita kama alivosema yaani kama alikuwa chumbani kwangu, mbili za katikati zina nyufa na moja imeungwa kwa misumari na mtu ambaye sio mimi, kwa maana nimekinunua hivo hivo kikiwa kipya!! Nimemuita fundi wa mtaani kaweka 12 na boriti yenye mguu.

Jumamosi nikaenda Kariakoo na kamzani ka ndoano nilikoazima kwa jirani anauza mkaa. Duka la kwanza muuzaji akaita wenzake waje waone. Walicheka sana mpaka mmoja akanisaidia kushika kamba. Tukafunga godoro kamba mbili tukalinyanyua, watu wanapita wananiuliza unauza kilo bei gani.

La kwanza limeandikwa inchi 8, kilo 9.8. Nikafungua zipu nikaweka tepu kwenye sponji, inchi 7. Kwa hesabu ya mzee ukitoa kava inakuja kama 17 na nusu, na bei 240,000. La pili duka lile lile inchi 8 ya kweli, kilo 14, inakuja kama 23, bei 345,000. La tatu nimelikuta duka la mtaa wa nyuma, inchi 6 tu, kilo 13, inakuja 28, bei 315,000. Nimesugua pembe zote tatu, hakuna vumbi. La tatu nimepiga goti mpaka nikasahau niko dukani.

Kilichonishangaza ni hiki. Nikagawanya bei kwa kilo za sponji, yote matatu yanaangukia elfu 26, 27 kwa kilo. Yaani lile la "bei rahisi" wala sio rahisi, ni sponji kidogo tu imepulizwa na kukatiwa inchi moja. Nani aliwahi kuniambia hii tangu nizaliwe?

Nimechukua la tatu. Nimekuja nalo kwenye bajaji limekunjwa nusu, nikafungua kamba nilipofika tu.

Sasa kesi ni kwa wife. Alikuwa anataka lile nene, kitanda chake kina vidroo pembeni, anasema hili limezama ndani ya fremu hata shuka la kutandika linaonekana kama limetandikwa mezani. Mama mkwe kaja jana kalikalia akasema mbona mmenunua la watoto. Nimenyamaza.

Mzee wa sponji nijibu moja, inchi 6 mimi na kilo 84 siwezi kugusa ubao?

---

mzee_wa_sponji

Kwa 28 hugusi, labda iwe laini mno. Lala chali ingiza mkono chini ya kiuno usikilizie, ukihisi chaga njoo unitukane hapa hapa. Umefanya kazi nzuri, ila ungeng'ang'ania elfu kumi na tano ishuke.

---

fundi_chaga

Shida ya kuzama kwenye fremu mwambie fundi apandishe vibao vinavyobeba chaga kwa inchi 2, kazi ya nusu saa. Kitanda kitaonekana kimejaa na mama mkwe ataacha maneno.

---

Kitandawili

@fundi_chaga aisee hiyo nilikuwa sijaiwaza kabisa, kesho namrudisha. Wife nimemsomea, kasema apandishe inchi 3.

---

MamaTwins_Tabata

Jamani na mimi nimepima langu kwa mzani wa jikoni nikashindwa 😂 hako ka ndoano kanapatikana wapi na bei gani?